Nasaha kwa Aendaye Mbugani kwa Miguu na kwa Baiskeli

Imezoeleka kwa watu wengi wa Kenya, hata waliosoma na kutembea, kudhani kwamba mbuga ya taifa ni mahali pa kutazamwa kwa dirisha la gari, na kwamba asiye na gari, wala fedha ya kulikodi, hana fungu lake humo ila kusimuliwa na waliofika. Dhana hiyo ina asili yake, nayo si ya kudharauliwa; maana mbuga ya kwanza ya nchi hiyo, ile ya Nairobi iliyotangazwa mwaka 1946, ni makao ya simba na vifaru, na mgeni hashuki garini humo ila mahali pachache palipowekwa kwa kazi hiyo, na katika Tsavo sharti ni lilo hilo, kwa sababu iliyo dhahiri hata kwa mtoto. Walakini si mbuga zote zilizo hivyo. Ziko ambazo mtu huruhusiwa kuingia kwa miguu yake mwenyewe, na khasa Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambamo baiskeli ndiyo chombo cha desturi. Na iko Saiwa, karibu na Kitale, yenye eneo la kilomita 3 tu za mraba, ambamo gari halina hata pa kupita, na mwenye hamu ya kumwona swala aitwaye nzohe akipita katika matete ya kinamasi hana budi kwenda kwa miguu juu ya njia za mbao, kisha apande ulingoni akae kimya.

Makala haya nimemwandikia huyo asiye na gari, na pia yule mwenye gari ambaye angependa kuliacha langoni kwa siku moja. Na katika yote nitakayosema, jambo moja ndilo nitakalolirudia kwa sura mbalimbali, nalo ni kwamba hatari anayoihofu mwenda mbugani aghalabu siyo inayomdhuru. Watu huuliza juu ya simba na chui kabla hawajauliza lolote. Wachache sana huuliza juu ya maji, na jua, na baridi, na saa ya kurudi, ilhali hayo manne ndiyo yaliyowatia watu mashakani mara nyingi kuliko meno ya mnyama yeyote.

Tuanze na majira. Mvua za masika hushika bara kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na katika miezi hiyo njia za udongo wa majivu ya volkano hugeuka utelezi, makorongo hupokea maji ya mbali, na Mlima Kenya hujifunika mawingu na theluji. Basi afadhali Januari na Februari, au tena tangu Julai hadi Septemba, ingawa msafiri wa pwani aliyezoea joto la kaskazi na atakayefika Naivasha mwezi wa Julai ajue kwamba alfajiri ya huko, karibu mita 1,900 juu ya bahari, humlazimisha mtu kuvaa sweta na asione haya.

Ada ya kuingilia haipokewi kwa noti na sarafu. Hulipwa kwa simu au kwa mtandao wa serikali uitwao eCitizen, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, mradi aonyeshe kitambulisho chake. Sitaji kiasi, kwa kuwa viwango hubadilika. Nasaha yangu ni kulipa ukiwa bado mjini, maana mtandao wa langoni huweza kusuasua asubuhi nzima, nawe huku jua linapanda na saa njema za safari zinakwisha ungali umesimama nje ukiinua simu hewani. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na mtu wa miguu au wa baiskeli afanye kila awezalo awe wa kwanza kuingia, kwani saa tatu za mwanzo wa siku humfaa kuliko sita za baadaye: wanyama wako wazi, vumbi limetulia, na maji ya chupani hayapungui kwa kasi.

Asiyewahi kupanda baiskeli tangu utoto, au asiyetembea zaidi ya kutoka nyumbani hadi kituo cha matatu, asijipeleke mbugani moja kwa moja. Wakaazi wa Nairobi wana msitu wa Karura, ule uliopiganiwa na Profesa Wangari Maathai na wenzake katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita usigawiwe kwa wajenzi, na humo ziko njia za miguu na za baiskeli zenye kivuli, na baiskeli za kukodi pia. Sisi wa pwani tusione tumepunjwa. Tuna Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, msitu wa zaidi ya kilomita 400 za mraba ulio mabaki makubwa kuliko yote ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na njia zake ni tambarare, ijapokuwa mchanga mzito humchosha mwenye tairi nyembamba. Na tuna Shimba Hills, juu ya Kwale, mahali pekee katika Kenya ambapo palahala huishi porini, na ambapo askari wa wanyamapori huwasindikiza wageni kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick na kuwarudisha. Mtu akimaliza mteremko ule wa Sheldrick na kuupanda tena bila kuketi kila baada ya hatua ishirini, yu tayari kwa Hell's Gate.

Mbuga ya Hell's Gate ilitangazwa mwaka 1984, nayo ina kilomita 68 za mraba na kidogo. Kutoka mji wa Naivasha, ulio mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, matatu hufuata barabara ya kusini mwa ziwa, kati ya mashamba ya maua, na abiria hushushwa njia panda ya kwenda Elsa Gate, lango lililopewa jina la yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, ambaye nyumba yake ingaliko ukingoni mwa ziwa hapo karibu. Baiskeli za kukodi hupangwa njia panda na langoni, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka, kwani robo saa ya kukagua chombo humwokoa na nusu siku ya kukisukuma.

Inua gurudumu la mbele kwa usukani, ulizungushe kwa kiganja, na utazame ringi inavyopita kati ya vipande vya breki. Ikiyumba kushoto na kulia, imepinda au spoku zimelegea, nawe mwambie mwenyewe akupe nyingine, naye atakupa bila kununa, maana amekwisha kujua. Kamata breki zote mbili, kisha uisukume baiskeli kwa nguvu zako zote: isisogee. Pitisha kidole ubavuni mwa tairi, upande huu na huu, uone kama nyuzi zimejitokeza. Inua gurudumu la nyuma, uzungushe pedali kwa mkono, ubadili gia moja baada ya moja, usikilize. Cheni inayokwaruza yataka mafuta, na gia inayoruka itakutupa mlimani. Mwisho kiti. Wenye kukodisha huviacha viti chini sana, kwa sababu mteja hupenda kuona nyayo zake zote mbili zafika ardhini, na adhabu ya starehe hiyo huja magotini baada ya kilomita kumi. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Hapo ndipo kipimo chako, na kama miguu haigusi chini vizuri, ujifunze kushuka kabla ya kusimama.

Miiba ya migunga haina hiari wala huruma. Chukua tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni na pampu, na uulize langoni kama wanazo hata kama umekwisha kuahidiwa kwa simu. Ukipata pancha, usikimbilie kubadili tyubu. Kwanza papasa ndani ya tairi taratibu, kwa ncha za vidole, uutafute mwiba wenyewe, kwa kuwa aghalabu umevunjika na kubaki humo, na tyubu mpya juu ya mwiba wa zamani haitamaliza hatua mia.

Wanawake wengi wa kwetu hujinyima safari hii kwa ajili ya mavazi, nami sioni sababu. Suruali pana iliyofungwa kifundoni kwa utepe au mpira hutosha, na mwenye buibui aikunje na kuifunga kiunoni juu ya suruali hiyo, au aiweke mkobani kwa muda na kuvaa kanzu fupi ya heshima, ila asiiache ikining'inia upande wa cheni, kwani cheni hushika pindo na kumwangusha mpanda baiskeli papo hapo. Ama mwenye kufunga Ramadhani, wasia wangu ni kwamba aiahirishe safari hadi baada ya Idi. Kilomita ishirini za vumbi bila funda la maji hazikuamrishwa na mtu yeyote.

Njia kutoka Elsa Gate hadi korongoni ni kilomita 7 au 8, nayo hupita katikati ya kuta za majabali mekundu na ya kijivu ambazo hufanya sauti ya mtu irudi. Upande mmoja husimama mnara wa mawe uitwao Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883 na kuzuiwa na Wamaasai asiendelee. Wenyewe Wamaasai husimulia kwamba ni binti wa mkubwa wao, aliyegeuka jiwe kwa kugeuka nyuma kuitazama nyumba ya wazee wake siku ya kupelekwa kwa mume. Chini yake hukaa pimbi wengi, wanene, waliokwisha kuzoea wageni, nao wasipewe chakula. Mbele yake hutokea punda milia, twiga, ngiri, swala tomi na swala granti, na pofu mara mojamoja kwa mbali. Na raha ya kuwapita kwa baiskeli, bila mngurumo wa injini, ni raha ambayo mwenye gari haijui, kwa kuwa mpanda baiskeli husikia meno yao yakikata majani.

Hapa panahitaji adabu. Mnyama amezoea umbo la gari kuliko umbo la mtu, na baiskeli inayokuja kasi kwa kimya humshtua kuliko yote mawili. Punguza mwendo uwaonapo, usipite katikati ya mama na mtoto wake, usiwafukuze ili upate picha ya vumbi. Anayestahili hadhari ya kweli ni nyati, na khasa dume mzee aliyetengwa na kundi, ambaye hulala kichakani kando ya njia na hakwambii kwamba yupo. Ukimwona mbele yako akiinua pua na kukutazama bila kutikisika, shuka, baiskeli iwe kati yako naye, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo, na umwachie njia hata kama itakuchukua nusu saa. Na ukikuta gari la wageni au la askari linapita, ni hekima kupita ubavuni mwake. Kukimbia ndiyo sababu ya wengi kuumia. Usipande mawe wala kutia mkono pangoni mahali macho hayakutangulia, kwani bafe hupenda kuota jua hapo na hana desturi ya kukimbia mtu.

Nyani ni shari ya namna nyingine. Wao hujua mkoba wenye ndizi hata ukiwa umefungwa, na pale penye maegesho na meza za chakula karibu na korongo huwa wamekaa wakingoja, na mtu anayegombana nao juu ya mkate hugombana na meno makali kuliko ya mbwa. Mwachie mkate. Bora zaidi, kula ukiwa umesimama, ufunge kila kitu, na usiwacheke, maana kuonyesha meno kwao ni ugomvi.

Sasa nije kwenye korongo la Ol Njorowa, ambalo ndilo huwavuta wengi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni mpasuko mwembamba uliochimbwa na maji katika mwamba laini, kuta zake zimelambwa zikawa na mawimbi, mahali pengine mtu akinyoosha mikono hugusa pande zote mbili, na maji ya moto hutiririka kwenye mwamba, kwani chini ya ardhi ile kuna joto lile lile linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, iliyoanza kazi mwaka 1981. Mtu hushuka humo akiwa na jua utosini na mbingu ya samawati, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Mvua isiyonyesha juu yake huweza kunyesha kwenye nyanda za mbali ambazo maji yake yote hukusanywa na mkondo huo mmoja, na maji hayo hushuka ghafla, yakiwa na matope na magogo, katika mahali ambapo hapana pa kukimbilia ila juu, na juu ni ukuta. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa waliokuwa matembezini walikufa humo kwa namna hiyo, na mwezi wa Septemba 2019, mwezi ambao wengi wangeuita wa kiangazi, watu wakafa tena. Hawakuliwa na mnyama.

Kwa hiyo shika haya, ndugu msomaji, hata kama utasahau mengine yote. Uliza langoni kama korongo limefunguliwa siku hiyo, na wakikwambia limefungwa, usimtafute kijana wa kukupenyeza kwa bakshishi. Likiwa wazi, usishuke bila mwelekezi wa pale aliyeidhinishwa, naye awe na njia ya kuwasiliana na waliobaki juu. Mwulize, kabla ya kushuka, ni wapi njia za kutokea, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na umtake akuonyeshe kila mnapoifikia. Ukiwa ndani tazama juu ya kichwa chako: majani makavu na vijiti vilivyokwama katika nyufa za ukuta ni alama ya mahali maji yalipofikia, nayo husema kweli kuliko ubao wowote. Maji ya mkondoni yakibadilika rangi, au yakianza kubeba takataka, au ukisikia ngurumo usiyoijua, usingoje kuulizana, panda. Na kama kuna wingu jeusi upande wowote wa upeo wa macho, si juu yako tu, liache korongo kwa siku nyingine. Mbuga ina mzunguko mwingine, uitwao Buffalo Circuit, unaopanda vilimani na kumwonyesha mtu nchi nzima hadi Longonot, nao hutosha kabisa kwa siku moja ya baiskeli. Waupitao wajihadhari tu na malori na mabomba ya mvuke upande wa Olkaria. Wako wanaoona kwamba mitambo ile imeiharibu mbuga. Mimi naona kwamba mwenye kuwasha taa usiku hana haki ya kuinung'unikia sana.

Longonot, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka 1983, ni kazi ya miguu mitupu, na namna yake huelezwa kwa maneno machache: kilomita 3.1 za kupanda kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, na kilomita 7.2 za kuuzunguka ukingo huo wote, kupitia kilele chenye mita 2,776, kisha kurudi kwa njia uliyojia. Anayesikia hesabu hiyo huiona ndogo. Ajue kwamba njia haina kivuli wala tone la maji, kwamba vumbi la majivu humrudisha mpandaji nyuma nusu ya kila hatua, na kwamba ukingo haulingani bali hupanda na kushuka juu ya mgongo ulio mwembamba, wenye genge huku na genge huku. Lita 3 za maji kwa kila mtu si nyingi. Viatu viwe na meno, na vidole visibanwe, maana kushuka huumiza kucha kuliko kupanda. Na uweke saa ya kugeuka kabla hujaanza, uitaje mbele ya wenzako wakusikie: kama saa sita mchana haijawakuta kileleni, rudini kwa njia fupi, hata kilele kikiwa karibu kiasi cha kuwaita. Aliyefika ukingoni tu amekwisha kuona msitu uliomea ndani ya kreta, na hilo peke yake latosha kuwa sababu ya safari.

Mlima Kenya ni maudhui mengine kabisa, nami naogopa kuuweka katika makala moja na baiskeli, ila najua wasomaji wakishapata ladha ya Longonot huanza kuutazama. Ulifanywa mbuga mwaka 1949. Batian, kilele chake kikuu chenye mita 5,199, ni cha wenye kamba na ustadi. Lakini Lenana, mita 4,985, hufikiwa na mtu yeyote mwenye siha njema na subira, na ndiko Kisoi Munyao alikoipandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963. Njia ya Sirimon ndiyo ninayoipendekeza kwa mgeni wa mlima, kwa kuwa hupanda kwa upole na ni kavu, kuliko ile ya Naro Moru iliyo fupi lakini yenye bwawa la matope la mteremko ambalo limewatoa wengi machozi. Na mwenye nafasi ashukie Chogoria, aone maziwa na magenge ya upande wa mashariki, ambayo kwa rai yangu hayana mfano katika mlima ule.

Adui wa huko ni wepesi wa hewa, naye hamheshimu kijana wala mwanamichezo. Pengine huwashika hao kwanza, kwa kuwa ndio wanaokwenda mbio. Kanuni ya matabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa usiku mmoja. Sasa tazama njia ya Sirimon: kibanda cha Old Moses kiko mita 3,300, na cha Shipton kiko mita 4,200, yaani mita 900 kwa siku moja. Ndiyo maana wenye busara hulala Old Moses siku mbili, ile ya pili wakapanda mchana na kurudi kulala chini. Na kampuni inayokuuzia safari ya siku tatu kwenda na kurudi inakuuzia maumivu ya kichwa. Kichwa kikiuma na tumbo likakataa chakula, usipande zaidi siku hiyo. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au kukosa pumzi hali amekaa, asingojewe apate nafuu wala asiachwe alale. Ashushwe saa hiyo hiyo, ijapokuwa usiku, ijapokuwa amelipa fedha yake yote, na asishuke peke yake.

Kilele huendewa usiku, kuanzia saa nane au tisa, na si kwa ajili ya kuona jua likichomoza tu, bali kwa sababu changarawe za mteremko zikiganda kwa baridi humshikilia mtu, na zikiyeyuka humtelezesha; fauka ya hayo mawingu huanza kuufunika mlima kabla ya adhuhuri. Nguo za pamba zikiloa hazikauki na huiba joto la mwili, basi chukua sufu na koti la mvua la kweli. Maji ya chupa yalale ndani ya blanketi pamoja nawe, yasigande.

Usipande bila mwelekezi mwenye kibali, na ukikodi wapagazi, kagua mambo matatu kabla ya kuondoka langoni: kwamba mzigo wa kila mmoja umepimwa kwa mizani mbele yako, kwamba ana viatu na koti linalofaa kulala mita 4,200, na kwamba umekwisha kujua ujira wake ni kiasi gani na atalipwa na nani. Wapo wasafiri wenye kuhesabu soksi zao mara tatu na wasijue aliyebeba soksi hizo atakula nini usiku. Bakshishi mpe mwenyewe mkononi, mbele ya wenzake, siku ya mwisho.

Jambo la mwisho ni dogo, na watu hulipuuza kwa kuwa wamechoka na matatu inasubiri. Kila lango lina daftari, nawe uliandika jina lako ulipoingia, na saa, na njia uliyokusudia. Unapotoka, liandike tena. Mwambie askari, kwa mdomo, kwamba watu wa kundi lako wote wametoka na baiskeli zote zimerudi. Kama umebadili njia na kutokea lango jingine, piga simu lango la kwanza uwaarifu. Jina lililoingia na halikutoka huwatoa watu vitandani usiku, wakaenda na kurunzi mlimani au ukingoni mwa korongo kumtafuta mtu ambaye amekwisha kufika kwake na kulala.